Bibi wa Kioo-kesho

Yule bibi ndani ya kioo alikuwa akimtafuta nyuki-chuma aliyemdondoka, na hakumwona. Alipiga magoti, akapapasa sakafu kwa vidole vilivyopinda, akihema. Enesia Mlowe, aliyeketi mbele yake kwenye kiti cha plastiki, alimwona nyuki yuko palepale kando ya goti la bibi, akatamani kumwonyesha. Kisha bibi akainua uso, na Enesia akauona mwanya wake mwenyewe, na kovu lake mwenyewe juu ya jicho, katika uso wa mtu wa miaka sabini na mitano.

Shikamoo ikamtoka kabla hajakumbuka kwamba anajiamkia mwenyewe.

“Marahaba,” bibi akajibu. “Umenisahau, mwanangu.”

Hicho ndicho kilikuwa kioo-kesho. Kila mtu aliyejiajiri katika jiji la Njombe alikuwa na chake katika ofisi ya kodi, na alitakiwa kuketi mbele yake kila robo ya mwaka, siku ya kulipa kodi. Mtambo ulikusanya habari za mapato yake, matumizi yake, afya yake na akiba yake ya uzeeni, ukamtengeneza yeye wa baadaye, anayetembea na kujibu akisemeshwa. Wataalamu waliona kwamba vijana hawaweki akiba kwa kuwa hawamjui mzee watakayekuwa. Basi wakawakutanisha.

Enesia alikuwa fundi wa nyuki-chuma, vile vidude vidogo vinavyochavusha maua ya miparachichi chini ya mapaa ya vioo, tangu nyuki wa kweli walipotoweka. Alipokuwa ameajiriwa, kodi na akiba vilikatwa kabla mshahara haujamfikia, wala hakujua vinakatwaje. Alipoanza kujitegemea, malipo yakamjia mazima mazima, naye akafanya kama wafanyavyo kwao: pesa ya kwanza akampelekea mama yake. Mama akaezeka nyumba upya, akambariki mpaka akachoka. Iliyofuata akaiingiza kwenye mchezo wa mafundi wenzake, wanaochangishana na kupokea kwa zamu. Hakuna aliyemwambia kwamba sehemu ya pesa ile haikuwa yake tangu mwanzo.

Mama Mwalongo, mhudumu wa ofisi ile, alimweleza bila ukali. Kodi angeweza kuilipa kwa awamu, ila akiikwepa angenyang'anywa kibali cha kazi. “Akiba ni hiari,” akamalizia. “Lakini huyu bibi utamwona kila ukija.”

Enesia alitoka pale akimwogopea bibi yule. Hofu ile ikamfuata kazini na mezani, na robo iliyofuata akalipa deni lote la kodi, kisha akatia nusu ya mapato yake kwenye akiba. Papo hapo bibi akaota miwani usoni, akainama, akamwokota nyuki. Enesia alilia kwa nafuu.

Angejua, angeishia hapo. Lakini hofu ikishazoea kulishwa haishibi. Alijitoa kwenye mchezo, akaacha kuchangia harusi, akahamia chumba kisicho na dirisha, akawa anakunywa uji mchana na usiku. Bibi akapata kiti cha kuegemea, kisha nyumba yenye baraza. Kila robo Enesia aliketi pale akimkagua kwa woga, kama mama anayemkagua mtoto mgonjwa, na bibi akikohoa kidogo tu, yeye aliongeza.

Aliyemfundisha ufundi, Obadia Kilasi, naye alikuwa hivyo hivyo. Mzee wake wa kiooni ndiye aliyependeza kuliko wote, na watu walimchungulia kwa wivu. Obadia mwenyewe alikonda mpaka mshipi ukamzunguka mara mbili. Asubuhi moja alianguka kutoka kwenye ngazi, katikati ya miparachichi, asiamke. Daktari alisema ni kifua cha muda mrefu, kinachotibika, ambacho mgonjwa hakutaka kukigharamia.

Msibani mama yake Obadia alikuwa akipokea rambirambi. Enesia alimpa mkono mtupu, maana kila alichokuwa nacho kilikuwa kimefungiwa kwenye akiba mpaka atakapofika miaka sitini. Aliona aibu.

Siku ya kodi ilipofika, alipita mbele ya kioo cha Obadia, akasimama. Kilikuwa kinawaka. Mzee Obadia alikuwa ameketi barazani, amenawiri, akicheka peke yake.

“Taarifa ya kifo bado haijaufikia mtambo,” Mama Mwalongo akasema, asiangalie upande ule.

Enesia akaketi mbele ya bibi yake. Alikuwa na malipo ya msimu mzima.

“Bibi, ujana wako unaukumbukaje?”

Macho ya bibi yakatafuta.

“Nakumbuka kulipa.”

“Na Obadia?”

“Obadia yupi?”

Enesia alielewa. Mtambo ulijua tu alikopeleka pesa zake, na kwa Obadia hakuwahi kupeleka kitu. Miaka yote ya bibi yule ilikuwa mitupu, na yeye ndiye aliyekuwa akiimwaga.

Alilipa kodi yote, hadi senti ya mwisho. Mchango wake wa akiba akaupunguza mpaka sehemu moja ya kumi, akikosea mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe sawasawa. Kilichobaki akakigawa: cha chakula, cha kurudi kwenye mchezo, na fungu kubwa la rambirambi ya Obadia kwa mama yake, vyote kupitia mtambo uleule.

Baraza ikafutika. Miwani ikayeyuka usoni. Bibi akashuka polepole sakafuni, akaanza kupapasa, na Enesia akashika kingo za kiti kwa nguvu, asije akaurudisha mkono wake kwenye kitufe. Aliogopa kuliko siku ya kwanza.

“Angekuwepo Obadia,” bibi akasema, akitabasamu kwa mwanya wao, “angeshamwona huyu nyuki.”

“Yuko kando ya goti lako, bibi,” Enesia akamwambia.