Lupu ya Bugarama

Walikutana dukani karibu na stendi ya Geita, kila mmoja kashika ncha ya waya uleule, wa mwisho.

"Niachie, kaka."

"Nikuachie waya au nikuachie namba yangu?"

Theopista akacheka, na hapo ndipo alipoponzeka. Yeye alikuwa na buti za kazi na kilemba cha kitenge cha manjano. Kijana, Jilala, shati lake jeupe lilishageuka jekundu kwa vumbi. Kumbe wote ni mafundi wa kampuni moja ya laini za data: binti anakaa kwenye mashine Geita, kijana upande wa pili, Bugarama. Mapenzi yakaanza.

Miezi miwili baadaye laini yao ikaleta kituko: taa zote kijani, ila hakuna ujumbe unaofika. Mzee Stanslaus, mkuu wao, hakutafuta mbali; alimgeukia Theopista, aliyeanzia kazi mapokezi.

"Mwanamke na mashine wapi na wapi! Jumatatu unarudi mapokezi."

"Sirudi," Theopista alisema. "Nitakuonyesha kosa liko wapi."

Akampigia Jilala.

"Mwangaluka, mrembo wa Ushirombo!" Jilala akamsalimia kwa Kisukuma.

"Acha utani. Juzi tulipopima njia, lupu uliichomoa?"

Lupu ni kiplagi kidogo kinachomrudishia mtumaji kila alichotuma. Namba zikirudi vilevile, njia ni nzima. Ukikisahau, laini hubaki inaongea peke yake.

"Niliichomoa, mpenzi."

"Basi zima mashine yako."

"Nimezima."

Theopista akatuma tarehe yake ya kuzaliwa. Ikarudi yote. Mashine iliyozimwa haimjibu mtu.

"Jilala, lupu ipo."

Jilala akajibu kwa sauti ndogo: "Ipo. Pista, usimwambie mzee. Bado niko kwenye majaribio ya kazi, watanifukuza. Wewe mapokezi utavumilia tu."

Hasira zikampanda Theopista.

"Jinsi nilivyokupenda!"

"Na mimi nakupenda, Pista."

"Na mimi, na mimi! Miezi miwili hujawahi kuanza wewe kusema unanipenda. Kumbe nasikia sauti yangu inarudi, nadhani napendwa."

Akakata simu.

Jumatatu asubuhi alikaa palepale kwenye mashine, kilemba cha manjano kichwani, karatasi ya vipimo mbele yake. Stanslaus ndiyo kwanza anafungua kinywa, Jilala akaingia, vumbi hadi kwenye kope, kiplagi mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nilikisahau mimi, halafu nikaogopa. Theopista hana kosa. Ukinifukuza, sawa."

Akamgeukia binti. "Na wewe, naomba nije Ushirombo kwa mama yako. Neno hili ni langu, wewe hujawahi kulisema."

Theopista alikuwa bado ana hasira naye, na alikuwa anampenda, vyote kwa pamoja.

"Njoo," alisema. "Ila ujue unaoa fundi."

Kisha akamtazama Stanslaus usoni. "Na mapokezi, mzee, tafuta mwingine."