Mume wa Jina

Mikono miwili ilizama katika pipa moja kwa mpigo, ikashika tango lile lile la mwisho.

"Achia," alisema Glafira.

"Achia wewe, bibie. Mimi nimetangulia."

"Umetangulia wapi? Nimesimama hapa tangu huyu mama anawapimia watu kabichi!"

Ilikuwa Jumamosi, na daraja la sokoni la Zurich lilikuwa limefurika watu, vikapu na kelele. Muuza matango, mama wa Kiswisi mwenye mashavu mekundu, aliwatazama Warusi wawili wakigombea tango la chumvi kwa lugha yao, akatikisa kichwa. Warusi wa mji ule walikuwa na vituko, lakini hiki kilizidi.

Kijana alikuwa mrefu, kofia ya majani kichwani, koti la kitani limejaa vumbi la mawe. Glafira yeye alivaa gauni jeusi lisilo na hata kipande cha lesi, na miwani ya buluu. Nywele alizikata zikaishia masikioni, kama wasichana wenzake wote wa Kirusi waliokuja pale kusomea udaktari. Wenyeji waliwaonyeshea vidole barabarani, nao wakazoea.

"Haya, tugawane," alisema kijana. Akalivunja tango, akampa kipande kikubwa. "Mimi najenga reli kule ng'ambo ya ziwa. Na wewe?"

"Glafira Ryabinina. Nasomea udaktari. Na nimeolewa, kwa hiyo usijisumbue."

Kijana aliacha kutafuna. "Heri yake bwana huyo. Yuko wapi?"

"Nitajuaje? Nilimwona siku moja tu, siku ya harusi."

Tango lilikuwa tamu, na kijana alikuwa na macho ya kusikiliza. Basi Glafira akamsimulia. Babake alitaka kumwoza kwa mfanyabiashara wa ngano mwenye videvu vitatu. Kwao Petersburg binti hapati pasipoti bila idhini ya baba, wala mke bila idhini ya mume. Marafiki wakamtafutia mwanafunzi mmoja mwenye moyo, akasimama naye kanisani, kisha kila mtu akashika njia yake. Ndoa ya jina. Wasichana wengi walitoka nchini hivyo.

"Mimi nimejifunika shela, nalia. Yeye jino limemvimba, uso wote umefungwa kitambaa, shavu kama boga! Leo nikipishana naye simjui. Lakini ni muungwana. Kila mwaka anatoa idhini yake, na hajadai hata salamu."

Kijana alipaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Pole! Hivi, unaitwa nani?"

"Kuzma," alisema alipopata pumzi. "Niite Kuzma."

Toka siku hiyo Kuzma akawa hakosekani. Alimngoja langoni pa hospitali na njugu za kuchoma mfukoni. Walitembea kando ya ziwa, yeye akimtania kwamba ananuka dawa kuliko duka la dawa.

"Nitajie mifupa ya mkono, daktari."

"Nimeisoma mpaka naiota. Nitajie wewe."

"Haya. Huu wa kushikia kijiko. Huu wa kukunia kichwa. Na huu..." Akaushika mkono wake, utani ukamwishia mdomoni. "Huu sijui wa nini, ila sitaki kuuachia."

Glafira hakuuvuta. Alirudi nyumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake.

"Umekwisha, shoga," alisema Rozalia, aliyekaa naye chumba kimoja.

"Mimi mke wa mtu, Rozalia!"

"Mke wa nani? Wa boga?"

"Wa boga aliyenipa maisha yangu. Yule mtu hakunikosea kitu. Nikishapata udaktari nitamwomba aniache kwa heshima. Kabla ya hapo simvunji uso."

Na Kuzma alipotaka kumbusu, akamwambia vivyo hivyo. Kijana akarudi nyuma hatua moja. "Mumeo ana bahati asiyostahili," alisema.

Wiki ya mtihani wa mwisho ikafika. Kuzma hakuonekana langoni. Mwenye nyumba wake akaleta habari kwamba kijana anaumwa, hali wala halali. Glafira akachukua mkoba wake wa vyuma vya tiba akaenda mbio.

Alimkuta amekaa dirishani, uso umefungwa kitambaa, jino limevimba, shavu limetuna.

Glafira alisimama mlangoni, mkoba ukamponyoka. Uso ule alikuwa amesimama nao mbele ya padri.

"Timofei Ryabinin," alisema polepole, akilitaja jina la mumewe.

"Mmh," alijibu mgonjwa.

"Miezi yote hii! Mimi nakulilia wewe usiku, na namlilia mume wangu, kumbe nalilia mtu mmoja! Ulikuwa unanicheka?"

"Niliogopa. Ningesema mimi ni mumeo, ungenipenda kwa hiari au kwa sheria?"

"Sheria unayo mfukoni, Timofei! Ukisema neno moja tu narudishwa nyumbani kabla sijawa daktari. Mtu mwenye nguvu hiyo juu yangu ndiye aliyenidanganya jina lake!"

"Sitalisema neno hilo. Haki ya Mungu sitalisema."

"Fungua mdomo."

"Glafira, mpenzi..."

"Nimesema fungua mdomo!"

Alilishika jino kwa koleo, akaling'oa kwa mvuto mmoja, safi kabisa. Akamwachia maji ya chumvi ya kusukutua, akatoka bila kuaga. Njia nzima alilia.

Siku ya mtihani wenyewe, wa kujibu maswali hadharani, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nusu walikuja kusikia, nusu walikuja kuona mwanamke akiaibika. Glafira alisimama na gauni lake jeusi, amelipiga pasi safari hii, akazungumza juu ya homa inayoua wanawake baada ya kujifungua. Maprofesa walimrushia maswali toka kila upande, naye akayajibu yote, sauti ikizidi kukaza.

"Wanawake hawa hawauawi na hewa mbaya," alisema. "Wanauawa na mikono ya..."

"Mikono yako ndiyo michafu! Binti wa watu anapasua maiti!"

Alikuwa baba yake mdogo, Porfiry, ametumwa kutoka Petersburg kuja kumrudisha. Alikuwa ameshika fimbo, koti la manyoya juu ya mabega, jasho likimtoka.

"Bwana, hapa tunajadili homa," alisema profesa mkuu.

"Na mimi najadili mke wa mtu! Sheria ya kwetu inasema mke hukaa pale atakapo mumewe. Nimesikia mumewe yuko mji huu. Yuko humu? Ajitokeze!"

Vichwa vyote vikageuka. Kule nyuma Timofei akasimama, shavu bado limetuna kidogo. Glafira akashika meza. Kazi yake yote, miaka yake yote, ilikuwa mdomoni mwa yule mtu, na juzi tu Glafira alikuwa amemfokea kama mtoto.

"Mimi ndiye," alisema Timofei.

"Mungu mkubwa! Haya, mwanangu, sema neno moja tu, nimchukue nyumbani."

"Neno moja?" Timofei alimtazama Glafira, hakumtazama mtu mwingine. "Endelea."

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Kisha Rozalia akapiga kelele za furaha, na wanafunzi wakaanza kugonga madawati kwa ngumi, hata wale waliokuja kucheka. Porfiry akavaa kofia yake nyuma mbele akatoka akinung'unika.

Glafira akawageukia maprofesa. "Wanauawa na mikono ya madaktari wasionawa," alisema, na hapo akawachambulia jambo lenyewe mpaka profesa mzee kuliko wote akatazama mikono yake mwenyewe. Walipomtangaza daktari, madawati yaligongwa mpaka mojawapo likavunjika.

Timofei alimngojea nje ya ukumbi, kofia mkononi.

"Nimekosa," alisema. "Nilikudanganya, na woga si udhuru. Ukitaka talaka, nitabeba lawama yote mimi. Leo hii."

"Talaka ya nini? Wewe umeshawahi kuniposa?"

"Mimi?"

"Ile ya kanisani walinitafutia watu. Mimi sijaposwa na mtu."

Timofei akapiga magoti pale pale, katikati ya wanafunzi, maprofesa na mfagiaji.

"Daktari Glafira, mimi Timofei, jina langu halisi, nakupenda. Utakubali kuwa mke wangu?"

Glafira aliivua miwani yake ya buluu ili amwone vizuri. Akamshika kola, akamwinua, akambusu mbele ya chuo kizima.

"Nimekubali," alisema daktari. "Lakini fungate ni leo tu. Kesho asubuhi nina wagonjwa."