Kipima Mtandao na Chumba cha Mabati

Kila akitoka shule, Chiriku hufikia dukani kwa mama yake, fundi wa sare za shule. Hula alichowekewa, huvua viatu, kisha hutambaa chini ya meza ya cherehani na sumaku mkononi, akiokota pini zilizoanguka. Jina la daftarini alikuwa nalo, lakini nani alilikumbuka? Tangu aanze kusema, binti huyu hakuwahi kunyamaza. Mjomba wake ndiye aliyembandika jina la Chiriku, likamganda.

Mjomba alikuwa mkataji wa vitambaa. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, mabati matupu, ukuta hadi paa. Ijumaa ile alishusha mkasi, akasikiliza.

"Chiriku, mbona kimya? Umemeza pini?"

"Hapana, mjomba. Kichwa tu kinaniuma."

Uongo mtupu. Kilichomuuma ni jambo jingine kabisa.

Jumatano asubuhi wazazi walipata ujumbe simuni, umeandikwa kana kwamba unatoka kwa mwalimu mkuu: maji ya tangi la shule yametiwa sumu. Lo! Wazazi walifurika getini, wanafunzi wote wakakimbilia ngazi kwa pamoja, na mtoto wa darasa la pili akakanyagwa, akavunjika mkono. Maji yalipopimwa hayakuwa na kitu. Sasa shuleni watu walinong'ona kwamba ujumbe ule ulitumwa kwa intaneti ya mtaa wa mafundi.

Mama aliweka intaneti dukani apate kupokea oda na picha za mishono. Alionya mara moja tu: "Neno la siri lisitoke humu ndani." Lakini ulimi hauna mfupa. Mwezi uliopita Chiriku aliliandika kwa chaki ya fundi ndani ya mkono wa sweta la rafiki yake Kobe. "Usimwambie mtu," akamnong'oneza. Kobe naye akamwambia mwenzake asimwambie mtu. Hazikupita wiki mbili, watoto kumi wakawa wanajibanza kila jioni nyuma ya ukuta wa mabati, na simu za nyumbani kwao, wakitazama mpira na muziki. Chiriku, ambaye hata kwenye kuruka kamba alikuwa hachaguliwi, sasa aliitwa kwa bashasha kila kona ya uwanja. Utamu ulioje!

Ijumaa hiyo hiyo gari la polisi lilisimama mlangoni. Wakashuka makonstebo wawili, mmoja ameshika kifaa cha mkononi chenye kioo na antena bapa.

"Mama, kampuni ya intaneti imetuambia ule ujumbe wa sumu ulipitia mtandao wa duka hili," alisema. "Hiki ni kipima mtandao. Kinasikia simu zilizoungwa kwenye mtandao wako. Ziko tatu. Mna simu ngapi?"

"Mbili, afande. Yangu na ya mdogo wangu."

"Ya tatu ni ya nani?"

Chini ya meza, Chiriku aliminya sumaku mpaka vidole vikauma. Konstebo alianza kutembea polepole, akaingia chumba cha nyuma akigeuza antena huku na huku. Kipima kililia kwa mbali, kikalia kwa haraka, na mbele ya meza ya mjomba kikalia bila kupumua.

"Iko hapa," akasema konstebo. Mara kikanyamaza. "Ahaa! Imezimwa. Toa simu ya pili, bwana fundi."

"Sina ya pili. Nipekueni."

Walimpekua. Walimwaga hata kapu la vipande vya vitambaa. Hawakupata kitu.

"Wiki iliyopita si wewe uliyegombana na mwalimu mkuu mbele ya wazazi, aliporudisha sare zenu?"

"Ni mimi. Tuligombana kweli. Lakini hasira zangu na mwalimu zinawahusu nini watoto wa watu?"

"Utatueleza kituoni. Mama, pole, ila kikulacho ki nguoni mwako."

Chiriku alijua kwa nini kipima kilinyamaza. Alikuwa amesikia vishindo vya miguu nyuma ya bati. Mtoto mmoja ameliona gari la polisi, ametimua mbio. Neno moja tu lingetosha. Akisema, mama atajua siri yake, na shule nzima itamwita mmbeya. Akakaa kimya, pini mkononi, huku mjomba akipandishwa gari na majirani wamejaa barazani. Muuza mkaa alisema kwa sauti, makusudi asikike, "Na watoto wangu wanavaa sare za huyu!"

Mama alifunga mlango, akaketi juu ya marobota ya vitambaa, akalia. Chiriku hakuwahi kumwona mama akilia mchana, mbele yake. Akatambaa kutoka chini ya meza.

"Mama, si mjomba. Nililitoa neno la siri. Nililitoa mimi."

Mama alijifuta machozi, akasimama. Hakumpiga, wala hakupaza sauti. "Vaa viatu," alisema.

Kituoni walipokelewa na sajini, mwanamke wa makamo. Alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho, kwikwi na yote. Kisha akamwita konstebo, wakarudi dukani wote wanne. Sajini aliunga simu yake kwenye mtandao, akazunguka kwenda nyuma ya ukuta. Konstebo alibaki ndani na kipima chake. Kikalia kwa mbali, kikalia kwa haraka, na mbele ya meza ya mjomba kikalia bila kupumua.

"Konstebo!" sauti ya sajini ilipenya kwenye bati. "Niko wapi?"

"Kifaa kinasema uko mezani, afande."

"Basi nikamate!"

Konstebo alikuna kichwa, amekosa pa kuficha uso.

Aliporudi ndani, sajini aliwaeleza bila haraka. "Mawimbi yanadunda kwenye mabati, yanaingia hata kwenye matundu ya misumari. Humu ndani huwezi kujua yanatoka wapi. Tena kifaa hiki kinasikia simu iliyoungwa sasa hivi. Ya Jumatano hakiyajui. Na hata ile simu ya tatu tungeipata, kisingetuambia nani aliandika nini. Kinatuonyesha pa kuanza kuuliza, basi. Kukamata mtu kwa mlio wake ni kosa, na kosa hilo ni letu." Akamgeukia Chiriku. "Sasa nipe majina ya unaowajua."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Chiriku alimtaja Kobe, akawataja wengine. Jioni ile ile mjomba aliachiwa. Kesho yake wanafunzi hao waliitwa kituoni pamoja na wazazi wao, na Kepteni, nahodha wa timu ya darasa la saba, akakiri kwamba ndiye aliyeutuma ule ujumbe: hakuwa amesoma, alitaka mtihani wa Jumatano uahirishwe.

Lakini mambo hayakurudi kama zamani siku ile. Jumamosi hiyo hiyo wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mjomba alifanya kazi bila mzaha wowote. Chiriku akamwendea, machozi yanamtoka.

"Mjomba, nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nikikuambia haikuniuma nitakuwa mwongo." Aliweka mkasi chini. "Wakati wananitoa nje nilitazama chini ya meza ya cherehani, nikakuona. Nikajua una neno, Chiriku. Nikakungoja."

Chiriku aliiweka sumaku yake juu ya meza.

"Ile mashine ilisema kilichofika masikioni mwake, haina hatia. Aliyejua ukweli alikuwa mtu. Ukweli una wakati wake, mwanangu. Ukiuchelewesha, mwenzako ndiye anayeadhirika. Mtaa mzima uliniona nikipandishwa gari. Nani atawaambia sikuwa na kosa?"

Chiriku alijifuta uso, akavaa viatu. Alianza kwa muuza mkaa, ambaye alimwogopa kuliko majirani wote, akabisha hodi. Mlango ulipofunguliwa, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Shikamoo. Nimekuja kusema kosa langu." Akalisema lote, kisha akaenda mlango wa pili.