Nilisaini Huku Nikirusha Visu

Nina miaka arobaini na sita. Ni mjane, sina mtoto, na ninaishi kwenye chumba cha kupanga hapa Elerai, mjini Arusha, nikishona sare za shule ili nipate kula. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na nyumba yangu, migomba yangu na kahawa yangu kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya barabara ya kwenda Momela. Leo sina hata mche mmoja!

Aliyeninyang'anya ni wifi yangu, Elifuraha, dada wa marehemu mume wangu. Na mimi nililipiza. Nililipiza mpaka nikashiba! Someni mjue nilichokula.

Mume wangu Zakayo aliugua tumbo majuma matatu tu, akafariki. Tulikuwa tumeishi kwenye kihamba kile, shamba alilorithi katika ukoo wake, miaka kumi na tisa. Wageni wa msiba walipoondoka, nyumba ilinyamaza. Nilikuwa nikipika, kisha nakumbuka kwamba sina wa kumpakulia... Nilikonda hadi gauni la kanisani likawa linanivuka mabegani.

Elifuraha alikuja kila siku. Aliniletea loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, akanifulia, akanisuka. Siku moja alikuja na simu ya kupangusa, akasema ni yake ya zamani, nichukue.

"Kuna mchezo humu, wifi," aliniambia. "Wa kitoto tu, lakini unapunguza mawazo. Hebu jaribu."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Gogo la mti linazunguka katikati ya kioo. Wewe una visu saba. Ukigusa kioo, kisu kinaruka na kuchoma gogo. Ukifaulu kuvichomeka vyote, gogo linapasuka vipande vipande na linakuja jingine. Lakini kisu chako kikigusa kisu kilichokwisha kuchoma... umekufa, unaanza upya. Basi! Hakuna kingine.

Nilicheka. Mtu mzima mimi, nicheze hiki?

Nikagusa. Nikafa. Nikagusa tena. Gogo la kwanza likapasuka, na jamani, sijui niwaelezeje! Ilikuwa kana kwamba kitu kilichokuwa kimeniganda kifuani tangu siku ya mazishi kimeachia kidogo. Nikataka tena.

Kilichonishika ni kwamba kila nilipokufa, kosa lilikuwa langu mwenyewe. Ningesubiri kidogo tu! Ningewahi kidogo tu! Zakayo nilishindwa kumwokoa, wala sikujua ningefanya nini zaidi. Lakini gogo lile nilijua la kufanya. Lilikuwa linaanza taratibu, linaongeza mwendo, linasimama ghafla, linageuka. Kidole changu kilijifunza kuliko kichwa changu. Moja tena, nilijiambia. Moja tena tu...

Elifuraha naye akawa anacheza. Tulikaa barazani tangu tunapomaliza chai ya asubuhi, simu mbili, tukishindana. Aliyekufa kwanza alimenya ndizi. Tulicheka kama wasichana. Kahawa iliiva ikaanguka chini, sikuiona. Ng'ombe alilia kiwele kimejaa, nikasema ngoja nimalize gogo hili. Wenzangu wa umoja wa wanawake usharikani waliponiuliza mbona sionekani, nilisema mgongo unauma.

Katika vicheko vile, Elifuraha alinifungulia moyo. Aliniambia kwamba binti yake Upendo si mtoto wa Samweli, mume wake. Alimpata na mwanamume mwingine kabla tu ya ndoa, na Samweli hajui hadi leo. Hata jina la mwanamume huyo na alikokuwa akikaa alinitajia.

"Hata mama yangu alikufa hajui," alisema. "Ni wewe tu, wifi."

Nilijiona nimependwa. Nani angenipa siri nzito namna ile kama hanipendi?

Upendo alikuwa na miaka ishirini na miwili, mpole, mwimbaji wa kwaya. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la steshenari. Mimi aliniita anti, na kila alipopita hakukosa kunisalimia.

Sasa ikafika siku ile. Nilikuwa nimevuka gogo la sabini, sijawahi kufika huko. Elifuraha akaingia na karatasi mkononi.

"Wifi, hizi ni fomu za miche mipya ya kahawa. Wanazikusanya leo. Saini hapa, na hapa, na hapa."

Ndugu wasomaji, mchezo ule haukukimbizi. Usipogusa kioo, gogo linazunguka tu, linakusubiri. Ningeweza kuweka simu chini, nivae miwani, nisome. Lakini nilikuwa nahesabu mwendo wa gogo na sikutaka kupoteza hesabu. Nikashika simu kwa mkono wa kushoto, kalamu kwa mkono wa kulia. Nikasaini mara tatu. Sikuangalia hata neno moja!

"Asante, mama," alisema Elifuraha. Akanipigapiga bega, akaondoka.

Mwezi mmoja baadaye niliona watu wawili wakipima kihamba changu kwa futi kamba. Nikawauliza ni akina nani. Wakasema wametumwa na mwenye shamba mpya, anataka kujenga nyumba ya wageni, watalii waamke wakiuona mlima. Nikadhani wamepotea njia.

Upendo ndiye aliyenifungua macho. Alikuja jioni hiyohiyo, macho yamevimba kwa kulia.

"Anti, ulisaini nini?" aliuliza.

Nikamwambia, fomu za miche. Akatoa nakala kivuli ya karatasi kwenye mkoba wake. Ulikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho hakikuwahi kukaa, unaosema kwamba mimi, kwa hiari yangu, nimekubali kihamba cha marehemu kirudi kwa dada yake. Mama yake alikuja kuuchapisha dukani kwao siku ambayo Upendo hakuwepo, nakala ikabaki kwenye kompyuta. Kisha Elifuraha akauza.

"Na ule mchezo, anti... mama nyumbani hachezi kabisa. Anacheza kwako tu. Nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba amekupa dawa ya kukutuliza."

Dawa ya kukutuliza! Nilikaa chini kwenye udongo, pale pale.

Upendo akanishika mikono. Aliniambia twende kwa mshili, mkuu wa ukoo wetu, tuombe kikao cha kweli. Yeye atasimama aeleze karatasi zile zilivyotengenezwa. Nilimuuliza kama yuko tayari kumshuhudia mama yake mzazi. Akafuta machozi, akasema, "Haki ni haki, anti."

Kikao kikapangwa siku ya Alhamisi ya juma lililofuata. Ningesubiri tu! Siku nane tu nifunge mdomo!

Lakini kesho yake nilikutana na Elifuraha njiani, nikamuuliza kwa nini amenifanyia vile. Hata hakubabaika. Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akacheka.

"Ulisaini mwenyewe, wifi. Kwani nilikufumba macho?"

Hapo ndipo shetani alipoingia. Nilirudi nyumbani. Sikutaka tena kihamba. Nilitaka kumwona Elifuraha akiwa mavumbini! Nikafikiri ni kitu gani kinaweza kumuumiza kama nilivyoumia. Nikakijua mara moja, maana alinipa mwenyewe kwa mdomo wake.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada tulikusanyika nje ya kanisa kwa mnada, mikungu ya ndizi imepangwa, kuku wamefungwa miguu, mzee wa kanisa ananadi. Elifuraha alikaa mbele na Samweli, amevaa kitenge kipya. Nilijua kimenunuliwa kwa pesa za kihamba changu.

Nikanyoosha mkono, nikaomba nitoe neno la shukrani. Nikaruhusiwa.

"Bwana Yesu asifiwe," nikasema. Wakaitikia amina.

Nikasema namshukuru wifi yangu aliyenifundisha mchezo wa visu ili aniibie shamba. Watu wakaanza kunong'ona. Nikasema na mume wake, ndugu Samweli, naye amshukuru, maana amemlelea mtoto wa mtu mwingine kwa miaka ishirini na miwili bila kujua. Nikataja jina la baba wa mtoto. Nikataja hata alikokuwa akikaa!

Samweli alivua kofia, akaitazama, akasimama, akaondoka bila kugeuka. Elifuraha aliteleza kwenye benchi akaanguka, kitenge chote vumbi. Nitawadanganya nikisema niliona aibu. Niliona utamu! Niliona utamu ambao gogo lolote halijawahi kunipa.

Ndipo nikamwona Upendo. Alikuwa na joho la kwaya, amebeba trei ya mayai ya kwenda kunadiwa. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, si mama yake. Nilikuwa nimemsahau! Mnaniamini? Nilimlenga mama mtu, na katika hasira yangu sikukumbuka kabisa kwamba mtoto ninayemtangaza ana masikio na yupo pale.

Aliweka trei chini polepole, yai hata moja halikuvunjika. Akanijia hadi karibu.

"Anti," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilikukosea nini?"

Alivua joho, akalikunja, akampa mwenzake, akaondoka.

Alhamisi kikao kilikaa. Upendo hakutokea. Nakala kivuli alikuwa nayo yeye, na dukani alikuwa ameacha kazi. Mshili alinionyesha muhtasari.

"Saini hii ni yako, mama?"

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Nilikuwa nacheza mchezo kwenye simu, sikusoma."

Mzee mmoja alicheka, wengine wakafuata. Walicheka, wasomaji wangu! Kisha mshili akasema kwa upole kwamba labda wangeweza kunisikiliza, lakini mwanamke aliyefanya vile mbele ya kanisa anaweza kusema lolote. Nikapewa muda wa kuvuna ndizi zilizokomaa na kuondoka.

Nikaikata simu ile kwa shoka, mbele ya mlango wa nyumba ambayo haikuwa yangu tena.

Samweli alimfukuza Elifuraha. Nasikia wifi sasa anapanga chumba kwenye mji mdogo wa Usa, na anaposalimia, watu wanageuza shingo. Je, nilifurahi? Ndiyo. Hata leo nikisikia amekosa hili au lile, nafurahi. Sijamsamehe, wala sitaandika uongo hapa kwamba nimemsamehe. Mchungaji amekuja mara mbili, nimemkaribisha chai tu.

Lakini Upendo... Nilimtafuta mwaka mzima. Nilipata habari kwamba yuko Nduruma, anapalilia vitunguu kwenye shamba la watu. Nikaenda. Nilimkuta amejifunga kanga kiunoni, mikono imepasuka kwa jembe, yule msichana wa steshenari mwenye vidole laini! Nilipiga magoti kwenye tuta, nikamwomba radhi mbele ya vibarua wenzake.

Aliniinua. Aliniletea maji ya kunywa. Kisha akasema, "Nimekusamehe, anti. Lakini tafadhali usije tena. Huku hakuna anayejua, na nikikuona nakumbuka yote."

Nikanywa maji, nikaondoka.

Ndugu zangu, kama una majonzi, tafuta watu wa kulia nao, usikimbilie kioo cha simu. Kimchezo kidogo kisicho na maana kinaweza kukuchukua akili zote, na mwenye nia mbaya atasubiri hapo hapo. Usisaini kitu ambacho hujakisoma, hata akuletee nani!

Na wewe uliyeonewa, unayeumwa na hasira muda huu unaposoma, nakuomba sana. Kabla hujafungua mdomo kumwaibisha adui yako, mtazame aliyesimama karibu naye. Mimi sikumtazama. Nilimwaibisha mtu pekee aliyekuwa upande wangu.