Sura Saba na Beseni la Msibani

Asubuhi ile, katika jiji la Pugu Mpya, roboti lililoitwa Sura Saba lilifundisha watu kunawa mikono mara tatu kabla jua halijakolea, na kila mara kwa uso mwingine. Kwa watoto wa chekechea lilikuwa bibi mnene mwenye pengo. Kwa madereva wa vitipaa, vile viti vinavyoruka juu ya mapaa, lilikuwa kijana wa miwani ya jua, limeegemea ukuta kama limezaliwa hapo. Kwa wajawazito lilikuwa mkunga, tena mkunga wa kunong'ona. Kifuani lilibeba kipima-imani, taa inayosoma pumzi na mapigo ya moyo ya wasikilizaji. Wakiamini inawaka kijani, wasipoamini nyekundu. Asubuhi nzima iliwaka kijani kama mchicha.

Nyamizi Kapalata, mhandisi aliyelibuni, angekwenda zake kunywa chai akiwa na raha. Lakini kulikuwa na msiba Mtaa wa Mikoroshoni, na wafiwa hawakuwemo katika zile sura saba.

Mzee Pazi alikufa alfajiri kwa kipindupindu, mtu wa tisa wiki hiyo. Mashine za Idara ya Kinga zilikwisha kumwosha na kumfunga jenezani. Wakubwa wa Idara walimpa Nyamizi mpaka saa tisa alasiri. Waombolezaji wakiacha kunawa pamoja kwenye beseni moja, watamzika mzee wao wenyewe. Wasipoacha, mtaa utazungushiwa pazia-mwanga, uzio usiopitika hata na inzi, na mashine zitamzika bila ndugu wa kumtupia udongo.

Saa nane, Nyamizi na Sura Saba wakiwa msibani, ubwabwa uliiva. Beseni likaanza safari yake mkekani, mkono hadi mkono, maji yakigeuka rangi ya chai. Ukilikataa umemwambia mfiwa nyumba yake inanuka, na nani athubutu?

"Ndugu wafiwa, poleni," Sura Saba likaanza kwa sauti ya shehe. "Vijidudu vya kipindupindu huhama kwa maji ya—"

"Mwanangu," Mzee Kibwana, mdogo wa marehemu, akamwambia Nyamizi, "zima redio yako. Tuna msiba."

Taa ikawa nyekundu. Hapo ndipo mashine ilipotumia akili yake yote. Iliundwa kutafuta uso unaoaminika kuliko wote mahali ilipo. Ikatafuta, ikaupata, ikauvaa. Mzee Pazi akawa amesimama mlangoni mwake, na pengo lake na kovu lake la nyusi, anawahimiza wanawe wanawe kwa sabuni.

Mwenye tonge alilitema. Mwenye mbio alizikumbuka. Mjane, Bi Chaurembo, hakupiga ukelele. Alijifunika kanga usoni, na hilo lilimchoma Nyamizi kuliko kelele zote. Akalizima roboti. Zilibaki dakika arobaini.

"Wazaramo!" sauti ikaita nje. "Ngoma ikilia mnaacha ugali unaungua. Leo mzee wenu kaiacha dunia jikoni!"

Bi Kalunde akaingia, Mnyamwezi, mtani wa Wazaramo hawa. Amevaa koti la kiume, la kwake, maana nguo za marehemu, ambazo mtani huzivaa msibani kumwigiza, zilikuwa kwenye klorini na mtani naye ana akili zake. Alichechemea mguu wa kushoto, vilevile alivyochechemea Mzee Pazi. Wazee wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka.

Nyamizi alitamani ardhi immeze. Huyo alikuwa mama yake.

Miaka arobaini Bi Kalunde alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa huu, nyumba kwa nyumba, akitania na kugombeza. Ilipoundwa Sura Saba, mazungumzo yake yote yaliyorekodiwa yalilishwa humo, kisha yeye akapewa cheti na kuambiwa apumzike. Nyamizi ndiye aliyeyasafisha. Utani wote na matusi yote aliyaweka kwenye faili moja, akaliita "makelele", akalifuta.

Bi Kalunde akalinyakua beseni, akamwaga maji, akalivaa kichwani kama kofia.

"Limetekwa! Wanyamwezi tumeliteka. Asiyelikomboa hali ubwabwa."

"Tulikomboe kwa kitu gani, mchukuzi wewe?" Mzee Kibwana akauliza, na uso wake umekwisha kukunjuka. Mtani akiteka kitu msibani hakasirikiwi. Ndiyo haki yake tangu enzi za babu zao.

"Kwa mikono! Kila mtu aje hapa, anawe kwa sabuni maji ya kumiminiwa, mpaka nimalize kuwataja mababu zenu wavivu kumi na wawili. Wewe Kibwana tangulia, kucha zako zina shamba zima."

Mzee Kibwana akanawa wa kwanza, akaenda uani kwa wanaume wenzake, na wanawake wakapanga foleni. Bi Chaurembo alipofika mbele, alimshika Bi Kalunde mkono wenye povu.

"Tangu wakutoe hakuna wa kutugombeza. Pazi alikuwa akichemsha maji kwa kukuogopa wewe tu. Ulipoacha kuja, naye akaacha."

Bi Kalunde akainamisha birika. Alimmiminia maji, akamtazama binti yake.

"Mama," Nyamizi akasema, "mimi ndiye niliyeyafuta maneno yako."

"Najua. Uani wanaume wana beseni jingine, na mie miguu imekwisha. Wewe Mnyamwezi au mtungi wa kukaa tu? Nenda."

"Sijui kutania, mama."

"Nenda hivyohivyo."

Akaenda. Wanaume ishirini wakamgeukia. Akalivuta beseni, maji yakamwagikia viatu vyake vya ofisini.

"Nyinyi Wazaramo," akasema, akasita. "Nyinyi… mnapenda sana ngoma. Kwa kiwango kikubwa."

Mzee Kibwana akashika mbavu. "Yarabi! Huyu kaletwa akiwa mbichi! Hata kututukana hawezi!" Uani pote pakaangua kicheko, wakamfundisha papo hapo matusi ya kwao wenyewe, na kila aliyemfundisha alinyoosha mikono amiminiwe maji.

Saa tisa, jeneza liliinuliwa na mabega ya watu. Nyamizi aliliwasha Sura Saba, bila uso wowote, akalipa birika.

"Niseme nini?" likauliza.

"Usiseme kitu," alisema. "Mimina."