Atupele na Mgeni wa Betri

Kaeni vizuri, niwaambie habari za Atupele. Atupele alikuwa darasa la kwanza, na aliishi Tukuyu, kwenye mvua nyingi na baridi ya asubuhi.

Atupele hakuwa mtu wa kuamini haraka. Ukimwambia chai imepoa, aliigusa kwanza kwa kidole. Ukimwambia mvua imekatika, alitoa kwanza mkono dirishani.

Asubuhi moja Baba alivaa shati lake zuri. Mama alikuwa hospitali, amejifungua mtoto. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwaleta nyumbani.

Baba akaingia kwenye gari. Akazungusha ufunguo.
Nyee… nyee… nyee… tk.

Akazungusha tena.
Nyee… tk.

Mara ya tatu gari halikusema hata nyee. Lilisema tk, basi.

Baba akashika kichwa. Akasema betri imekufa.

Atupele akakaza macho.
Mmm, akasema moyoni. Hapa kuna jambo.

Jana gari lilikuwa zima. Jana lilikwenda hospitali na kurudi. Itakuwaje betri ife usiku, imekaa tu?

Baba akampigia simu Mjomba Ambakisye, kaka yake Mama, amwombe alete betri mpya. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuwasha mkaa. Alitaka Mama akifika akute maji ya moto ya kuoga.

Atupele akabaki barazani. Alikuwa analinda gari.

Tutututu. Bodaboda ikasimama nje. Akashuka mwanamume mfupi, amebeba mfuko mzito. Akaingia getini, akasema yeye ndiye Mjomba.

Atupele akakaza macho.
Mmm, akasema moyoni. Hapa kuna jambo.

Atupele alimjua Mjomba kwa picha ya ukutani tu, na kwenye picha Mjomba alikuwa na masharubu. Huyu hakuwa na masharubu hata kidogo.

Atupele alipomuuliza, mgeni akasema ameyanyoa. Lakini hata mwizi angeweza kusema hivyo.

Baba akapaza sauti kutoka nyuma, akamkaribisha mgeni. Lakini hakuja kumwona. Mkaa ulikuwa umelowa, na moto ulikuwa haujashika.

Mgeni akafungua boneti. Kwaaa.
Akatoa spana, akalegeza nati. Kriki, kriki, kriki.

Akachomoa waya mweusi. Akachomoa waya mwekundu. Akanyanyua boksi jeusi kutoka ndani ya gari, akaenda kuliweka karibu na geti.

Karibu na geti!

Atupele akakaza macho.
Mmm, akasema moyoni. Hapa kuna jambo.

Akamuuliza mgeni lile boksi linakwenda wapi. Mgeni akamjibu kwamba hiyo ndiyo betri iliyokufa. Akimaliza kazi ataondoka nayo, airudishe dukani.

Ataondoka nayo.

Atupele akashuka barazani mbio. Akafunga geti. Akasukuma komeo. Klak. Akasimama mbele ya geti, mikono ameitanua.

"Hutoki na kitu cha Baba," akasema.
 

Mgeni hakucheka. Hakukasirika pia. Alichuchumaa, akakuna kidevu.

"Sawa," akasema. "Usiniamini. Nichunguze. Kila ninachofanya, kitazame. Ila betri usiiguse, ina maji makali yanayounguza."

Basi Atupele akamchunguza.

Aliichungulia betri iliyokufa, mikono ameiweka mgongoni. Ilikuwa na vichwa viwili. Kando ya kichwa kimoja kulikuwa na alama ya kujumlisha, kama ile ya ubaoni shuleni. Kando ya kingine kulikuwa na alama ya kutoa.

Atupele akauliza waya upi unakaa wapi. Mgeni akamwambia mwekundu hukaa kwenye kujumlisha, na mweusi hukaa kwenye kutoa. Atupele akarudia kimoyomoyo. Mwekundu, kujumlisha. Mweusi, kutoa.

Mara mvua ikaanza. Tip. Tip. Tip-tip-tip.

Mgeni akaharakisha. Akatoa betri mpya kwenye ule mfuko mzito, akaiweka ndani ya gari. Maji yalimtiririka usoni. Akashika waya mwekundu, akausogeza.

Atupele akakaza macho.
Mmm, akasema. Na safari hii hakusema moyoni.

"Ngoja," akasema. "Hapo ni kwenye kutoa."

Mgeni akasimama, waya mkononi. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akainama, akatazama vizuri.

Kweli. Betri mpya alikuwa ameiweka kinyume. Kujumlisha kulikuwa huku, na kutoa kulikuwa kule.

Mgeni akashusha pumzi. Akamweleza Atupele kwamba waya ungegusa pale, cheche zingeruka, na gari lingeungua kwa ndani. Mama angebaki hospitali, anasubiri.

"Asante, mama," akamwambia Atupele, taratibu. "Nilikuwa na haraka. Wewe ulikuwa unaangalia."

Akaigeuza betri. Akafunga waya mwekundu kwanza. Kriki, kriki. Kisha akafunga waya mweusi. Kriki, kriki, kriki.

Hapo Baba akatokea, uso umejaa majivu. Akamkumbatia mgeni. Halafu akamtazama, akashangaa, akamuuliza masharubu yake yako wapi.

Atupele akamtazama Baba. Akamtazama mgeni.

Kumbe ni Mjomba. Mjomba kabisa.

Akaenda kufungua komeo, polepole, anaangalia chini. Mjomba akamfungulia mlango wa gari kama bibi harusi. Atupele akaingia, akacheka kidogo.

Baba akazungusha ufunguo.
Vruuuum.

Gari likaondoka. Vruuum, likapita kwenye madimbwi. Vruuum, likapanda mlima. Vruuum, likafika hospitali.

Mama akatoka, anatembea taratibu. Alikuwa amebeba kifurushi ndani ya blanketi la njano.

Kifurushi kikajinyoosha. Kikapiga chafya. Chi.

Atupele akakaza macho.
Mmm, akasema moyoni. Hapa kuna jambo.

Ndani ya blanketi kulikuwa na uso mdogo, mwekundu, umekunjamana. Haukufanana na mtu yeyote wa nyumbani. Atupele akamnong'oneza Mama, akamuuliza kama ana hakika huyu ni wao.

Mama akasema ana hakika.

Atupele akanusa kichwa cha mtoto. Kilinukia maziwa. Akanusa tena. Halafu akakaa karibu na Mama, akamshikia blanketi njia nzima.

Jioni mvua ikarudi, ikapiga bati. Mama alikuwa ameoga maji ya moto. Mjomba alikuwa amekula ndizi, akaondoka na ile betri iliyokufa, na Atupele mwenyewe ndiye aliyemfungulia geti.

Mtoto akalia. Nyaa, nyaa, nyaa.

Atupele akapanda kitandani, akampa kidole kimoja. Mtoto akakishika. Akanyamaza.

Atupele akajaribu kukitoa kidole. Mtoto akakibana zaidi. Akavuta kidogo tena. Wapi.

"Mama," akanong'ona, "mdogo wangu hataki niondoke."

Mama akamwambia basi asiondoke. Akawafunika wote wawili blanketi moja.

Atupele akajilaza, kidole bado kimeshikwa. Akafumba macho. Akalala.