Tuliitikia "Hapana" Kama Kwaya

Babati nzima hakuna bibi jasiri kama mimi Xaveria. Nimeua chatu kwa mchi!

Haya, alikuwa kenge. Na nilimkuta ameshakufa.

Lakini jamani, Jumanne iliyopita niliogopa kuliko siku zote…

"Ni huyu! Huyu mama ndiye anamuua mume wangu!"

Aliyepiga kelele ni mkwe wangu, Emerensiana. Wodi nzima ikageuka kunitazama.

Kitandani alilala mwanangu Theodory. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Nikamwita jina. Akanitazama…

"Wewe ni nani?"

Nani?! Mimi niliyemzaa!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, wapendwa.

Jumapili Theo alipimwa, akakutwa na malaria. Akapewa dawa mseto. Nesi akatuuliza, "Kuna kitu kingine anatumia? Hata mitishamba?"

"Hapana!" Mimi na mkwe tuliitikia pamoja, kama kwaya ya Pasaka.

Mimi nilikuwa naongopa. Nyumbani kwetu Bonga, tunakoishi wote, nilikuwa na chupa ya chai imejaa mwarobaini. Kikombe asubuhi, kikombe jioni.

"Mkeo asijue," nikamwambia Theo. "Amesoma yule, atanisema."

Akili yangu iliniambia majembe mawili yanalima haraka kuliko moja. Akili ya darasa la nne hiyo!

Jumatatu akaanza kuharisha. Jumanne asubuhi hakuweza kusimama. Tulimkunja kwenye bajaji kama godoro, mimi nimeshika kichwa, mkwe ameshika miguu.

Sasa daktari kanikazia macho.

"Bibi, sema kweli. Amekunywa nini?"

Nikasema. Mwarobaini, chupa, vikombe, vyote.

Ndipo Emerensiana akalipuka kama mlivyosikia.

"Sukari yake imeshuka vibaya, ndiyo maana hakutambui," daktari akasema huku akimtundikia dripu ya sukari. "Na malaria bado imejaa kwenye damu."

Nikapiga magoti sakafuni. Mungu wangu… nimemuua mtoto kwa mkono wangu!

Daktari akamgeukia mkwe. "Na wewe mama, hujampa kitu?"

"Mimi? Thubutu! Mimi siamini majani!"

Daktari akamfungua Theo mdomo, akamulika na tochi. Akatuita tuone…

Ulimi wa kijani! Kijani kama wa mbuzi aliyetoka kuiba maharage shambani!

"Mwarobaini wa bibi haupaki rangi hivi."

"La… labda ni mchicha…"

"Mama, mumeo anakufa!"

Emerensiana naye akapiga magoti, pembeni yangu kabisa.

"Ni unga wangu wa kopo, wa majani ya kusafisha mwili, daktari. Ninaowauzia wenzangu ofisini. Namkorogea kwenye uji… vijiko vitatu."

Daktari akashika kichwa. Akatuambia malaria peke yake inaweza kushusha sukari, na mitishamba mingine inaishusha zaidi. Mingine inaharishisha, mingine inafanya mwili uitoe dawa kabla haijamaliza kazi. Na unga wa kopo, nani anajua wamechanganya nini?

Tulikaa pale kwa muda wa saa mbili, nimemshika mkwe mkono. Sijawahi kumshika mkono tangu harusi.

Kisha Theo akafumbua macho, akanitazama…

"Mama… nina njaa."

Nililia kama mtoto!

Wapendwa, nesi akikuuliza unatumia nini, taja hata kile ulichokunywa umejifungia chooni. Haulizi ili akucheke. Anauliza ili usife.

Tukiwa tunafuta machozi, Emerensiana akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Lakini mama, lile kopo langu la unga mbona kila siku linapungua?"

"Mwanangu! Mimi sijawahi hata kugusa kifuniko!"

Daktari akawasha tochi yake.

"Bibi, hebu toa ulimi."

Nikabana midomo. Akasubiri. Nikaachama kidogo tu, kwa heshima…

Theo, na dripu yake mkononi, akawa wa kwanza kucheka:

"Mama! Mpaka meno!"